Onja Maji ya Chemba Kabla Hujapanda

Nyemo mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda. Leo tukiwa tunakula, uliponiambia kwamba huko Chemba utalima mboga uani na wewe na Amosi hamtakosa kula, niliinuka nikatoka nje na tonge likiwa bado mkononi. Mama yako akasema nimekasirika. Najua na wewe umekwenda kulala ukiamini hivyo, maana umenizoea, mimi nikiguswa hununa. Sikukasirika. Nilitoka kwa woga. Maneno uliyoyasema ni yangu, niliyokwambia mimi mwenyewe siku ulipoingia hapa Nzuguni na mtoto mgongoni, baba yake Amosi akiwa ameshaondoka na simu yake haipatikani tena. Nilikwambia hela hatuna, lakini bustani tunayo, mboga hamtakosa. Yaliyofuata unayajua.

Sitakuandikia habari za mtungi wa gesi, wala kufuli, wala kuangalia begi ukishuka kwenye basi. Hayo mama yako ameshayasema na kesho asubuhi atayasema tena mpaka utamani basi lije mapema. Mimi nina jambo moja. Mtoto wako bado ni mwepesi. Nikimbeba natishika, kwa sababu mkono unategemea uzito halafu haupati. Unakwenda kufundisha kwa kujitolea, na posho yenyewe hakuna anayejua itaanza kutoka lini. Mpaka hapo, chakula cha Amosi ni unga utakaobeba na kile kiuwanja nyuma ya nyumba ulichonionyesha kwenye simu, ambacho ukitandika mikeka mitatu umekimaliza. Kikikataa kuotesha, mtoto atarudi kwenye njaa aliyotoka. Siwezi kulala nikiwaza hilo, na sina mtu wa kumwambia isipokuwa wewe.

Basi nisikilize, mama. Sikufundishi kama mjuzi. Mimi nimeua bustani, na nimeiua kwa juhudi, kwa kuamka mapema na kutoka jasho. Ningekuwa mvivu, ardhi ingenisamehe.

Unajua nimezaliwa Gulwe, kule reli inakopita karibu na mto. Mto ule ukikauka unaacha mchanga mtupu katikati, na kando yake tope jeusi ambalo mafuriko yamelibwaga. Bibi yako alikuwa anachomeka mbegu za maboga kwa kidole gumba, anakwenda zake. Maji tulifukua kwa bakuli pale pale mchangani, yakawa matamu kabisa. Mafuriko mengine yalikuja yakachukua bustani yote na mbuzi juu yake, lakini yakipita tulipanda tena na ikaota. Mimi nikakua nikidhani hiyo ndiyo kazi ya udongo, kuotesha chochote unachoutupia. Nikaja mjini na akili hiyo hiyo, nikajifunza ufundi wa kujenga, nikapata kiwanja Nzuguni, na sikuwahi kuwaza kwamba hapa si kando ya mto.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kamba. Siku ya kupima msingi niliiweka nyumba katikati ya kiwanja, kama kila mtu mtaani kwetu. Inapendeza ukiitazama kutoka barabarani. Lakini ukishaweka nyumba katikati, ardhi yote inayobaki ni vichochoro vinne, kila kimoja chembamba, hakuna kinachotosha kitu. Nilijenga nyumba za watu wengi hapa Dodoma na zote niliziweka katikati, wakanishukuru. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza tutalima wapi. Tulikuwa tumetoka vijijini na tulitaka ionekane tumetoka.

Nyumba ya kwako imeshajengwa, hutaisogeza. Ila kabla hujachimba, kaa pale nyuma siku nzima na kiti chako na Amosi, utazame jua linaingilia wapi na linatokea wapi. Usicheke. Mimi nilikaa kwenye kiwanja hiki miaka bila kutazama. Mama yako alitazama. Ndiyo maana alipanda upande wa mashariki, kwenye kona ile ambayo jua la asubuhi linafika vizuri, halafu mchana nyumba yenyewe inakinga. Alikuwa na kunde pale, matembele, mgagani, na mlenda uliokuwa ukijiotea wenyewe kila mvua zikianza. Wewe ulikuwa sekondari. Utakumbuka kwamba miaka ile tulikuwa tukila mboga mpaka tunanung'unika, na zilizobaki mama yako alizikausha, akaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, tukala mpaka Oktoba.

Kisha ikaja sherehe ya kumuaga dada yako Rehema. Wageni wa upande wa mume walikuwa watu wa mjini, wenye magari, na mimi fundi ujenzi nikaona aibu wakanyage vumbi nyumbani kwa fundi. Nikatafuta eneo la kuweka viti na turubai. Vichochoro vitatu havikufaa. Kilichofaa ni kile cha mama yako. Nikasawazisha, nikapanga mawe, nikashindilia kifusi, nikamwaga zege juu yake. Mama yako hakugombana na mimi. Alichuma yale majani yaliyokuwa yamebaki, akayafunga kwenye kanga, akaingia nayo ndani. Wageni walikaa saa chache wakaondoka, na ile sakafu ipo mpaka leo, tunaanikia nguo. Juzi niliipiga nyundo pembeni nione kama inang'oka. Chini ni mawe na kifusi nilivyopanga mwenyewe, na niliyapanga vizuri sana. Udongo uko mbali, na mgongo wangu huu hauwezi tena kazi hiyo.

Kwa hiyo ulipokuja na Amosi nikakuahidi mboga, bustani niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ile iliyo chini ya zege. Iliyobaki ilikuwa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri linapiga ukuta na ukuta unalirudishia mche. Nilichimba pale hata hivyo. Nikatazama video za vijana kwenye simu yako, nikaona wanainua matuta kwa mbao na matofali, yamependeza. Nikainua na mimi. Wale vijana sijui wako wapi, lakini wako kwenye mvua. Kwetu hapa tuta la kuinuliwa linakauka pande zote kabla hujarudisha ndoo jikoni. Wewe usiinue. Chimba chini, kitanda chako kizame, udongo wa juu uuweke kando kisha uurudishe na samadi, na kingo ziwe juu kidogo ili maji yakimwagwa yakae. Mtu akipita akisema unachimba kaburi la mbuzi, mwache aseme.

Sasa nakuja kwenye maji. Hapa nitaandika polepole.

Maji ya bomba kwetu yanakuja kwa mgao na tunayaweka ya kunywa na kupikia. Ya kumwagilia nilikuwa nachota kwenye kisima cha jirani. Unayajua maji yale. Sabuni haitoi povu, chai yake inakaa utando juu. Tunacheka, tunasema ndiyo maji ya Dodoma. Kila jioni nilichota, nikanyunyiza kidogo kidogo kwenye majani kwa kopo nililolitoboa, udongo ukilowa juu nikaridhika. Mchicha ukaota. Uliota vizuri, na wewe uliuona, Amosi aliuchuma akautia mdomoni mbichi, tukafurahi. Halafu ukaanza kuungua kwenye kingo za majani. Udongo ukaota utando mweupe, kama mtu amemwaga unga akasahau kufagia.

Nikasema udongo una njaa. Nikaleta samadi ya mbuzi kwa shemeji yangu, ile ya zizini ya juzi juzi, bado inanuka mkojo, nikamimina bila huruma. Mchicha ukazidi kuungua. Nikasema ni wadudu, nikamwaga majivu ya mkaa. Ukazidi. Nikasema mbegu ni mbovu, nikarudi dukani kugombana na yule kijana wa pembejeo mbele za watu. Nikafika mahali nikaanza kumtazama jirani kwa jicho baya, eti ameikodolea macho bustani yangu. Huyo jirani ndiye alikuwa ananipa maji.

Na muda wote huo, Nyemo, mtoto alikuwa anasubiri. Hili ndilo linalonichoma. Ulitaka kwenda kwenye genge pale kona ukanunue mchicha na maharage, na mimi nikakukataza. Nilikwambia watu watatucheka, fundi mzima ana bustani halafu binti yake ananunua mchicha gengeni. Nilikwambia subiri, wiki ijayo tutachuma. Ukanitii, kwa sababu nilikulea unitii. Wiki ijayo ikawa mwezi. Amosi alikula ugali na mchuzi wa kitunguu, na mimi nikila naye nilimwambia babu anakupikia mboga, babu anakuja nazo.

Tulikwenda kliniki wote watatu. Ulinipa nimbebe wakati unajaza kadi. Nesi akampima, akatazama ule mstari kwenye kadi, akaupima tena kwa kidole, akauliza mnamlisha mboga gani. Nilitazama sakafu. Nilikuwa nasubiri useme kweli, na nilistahili. Wewe ukamjibu, "Babu yake ana bustani."

Yule nesi akanigeukia akasema hongera babu, endelea hivyo hivyo, mpe majani mabichi kila siku na mayai ukiweza, huyu mtoto amepungua sana. Nikasema asante. Ulinisitiri mbele ya mtu mgeni, na mimi nilikuwa nimemnyima mwanao chakula kwa sababu ya sura yangu mtaani. Sijakuomba msamaha kwa siku ile. Nakuomba sasa.

Ungedhani siku ile ndiyo nilizinduka. Hapana. Nilirudi na aibu, na aibu ilinipa nguvu ya kufanya upumbavu zaidi. Nikaanza kumwagilia asubuhi na jioni. Nikachota kisimani mpaka jirani akalalamika. Kilichokuwa kimebaki hai kwenye lile tuta nikakimaliza ndani ya muda mfupi.

Nilizinduka siku ya plasta. Ulikuwa umekwenda kwenye usaili wa kazi hii. Ukuta wetu wa magharibi, pale chini karibu na tuta, plasta ilikuwa imeanza kutoka vipande vipande. Nikachukua mwiko wangu na saruji iliyobaki niizibe. Nikamwambia mama yako aniletee maji. Akaleta ndoo ya kisima. Nikamwambia si hayo, hayo yana chumvi, nikichanganyia saruji yatakula ukuta. Niliwaambia wateja wangu maneno hayo maisha yangu yote. Nimewahi kukataa kazi ya mtu aliyetaka nitumie maji yale.

Mama yako akaishika ile ndoo, akatazama tuta la mchicha, akanitazama mimi.

"Na mchicha je?" akasema.

Niliketi chini pale pale. Nikachukua ule utando mweupe kwa kidole nikauweka ulimini. Ilikuwa chumvi. Nilikuwa nimeimwaga mwenyewe kwa kopo, kidogo kidogo, kila siku, jua likikausha maji na kuniachia chumvi, na ile samadi ya zizini na yale majivu vikaongeza nyingine juu yake. Nilijua kulinda ukuta, mwanangu. Ukuta ambao hauli.

Kwa hiyo ukifika Chemba, hata kabla hujafungua mizigo, onja maji. Onja ya bomba, onja ya kisima, uliza wenyeji wanayotumia kufulia ni yapi na kwa nini. Tazama kuta za nyumba za zamani pale chini, zikiwa zimemomonyoka na kuota weupe, utajua. Sijui maji ya huko, sijawahi kulala Chemba, nilipita tu zamani tukienda kujenga. Yakiwa matamu, mshukuru Mungu. Yakiwa na chumvi, usiyakimbilie kwa sababu yako karibu. Maji uliyooshea mchele na mboga, maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi, hayo yapeleke kitandani. Na usinyunyize. Mwaga mengi chini ya shina kwa siku moja yazame, kisha uache hata siku mbili tatu. Funika udongo kwa majani makavu au mabua ili jua lisiufikie. Mchwa watakuja, waache wale mabua, hawataki mboga yako. Na uwanja usiufagie kila asubuhi mpaka ung'ae kama tulivyokufundisha, halafu ukachoma majani. Tulikuwa tunakufundisha kuchoma mbolea.

Samadi utaipata, siku ya mnada Chemba mifugo inajaa. Chukua ile ya zamani, iliyonyeshewa mvua, ambayo ukiishika inasagika na haina harufu. Ikinuka, iache. Kuna mfuko mmoja nimekufungia nyuma ya mlango, hiyo ni salama, nimeinusa mpaka mama yako akanishangaa.

Usipande vingi. Mimi nikipewa pakiti ya mbegu nilikuwa naimwaga yote siku moja, kwa tamaa. Zamani mchicha wangu ulikuwa unakomaa wote kwa pamoja, tunagawa kwa majirani, tunalisha mbuzi wa watu, kisha hatuna kitu mpaka mwezi mwingine. Mtoto anakula kila siku, hali kwa mkupuo. Mwaga mbegu mstari mmoja, wiki mbili zikipita mwaga mwingine. Panda vinavyochumwa vikachipua tena, matembele, sukuma wiki, na kunde kwa ajili ya majani yake, maana kunde ina moyo mgumu, jua linaikuta na linaiacha. Ukikuta maji yana chumvi kidogo na huna mengine, jaribu spinachi. Kwenye tuta langu ndiyo iliyokufa mwisho. Boga moja lipande pembeni likapande uzio, lisile ardhi. Mlonge chomeka kijiti kimoja kwenye kona, hauombi maji mengi na majani yake yanakaukia kivulini yakasagwa, unaweka kijiko kwenye uji wa Amosi. Kama upepo wa huko ni kama wa kwetu mwezi wa saba na wa nane, unaotia mchanga hadi kwenye meno, ziba upande unakotokea kwa mabua ya mtama, usijenge ukuta. Na kuku wa mwenye nyumba, wazuie kabla hujapanda. Ukisubiri uone kama ni wapole umekwisha.

Nimesoma hapo juu nikaona nimeandika kama mtu mwenye matumaini. Sina. Lazima nikwambie hilo pia, usije ukadhani baba yako amekupa njia na sasa amelala. Hata ukifanya yote haya, ni mikeka mitatu ya ardhi. Mboga za kwanza za kuchuma zitachukua wiki kadhaa, na mtoto hawezi kuambiwa ale wiki. Naweza kukupa kila nilichojifunza na bado kitanda kikakataa, kwa sababu ya maji, au kwa sababu ya kuku, au kwa sababu tu. Na mimi sitakuwepo kuona. Tuta langu hapa limekufa, mpaka mvua kubwa zije zishushe ile chumvi chini, na mvua zetu mwaka jana ulizoziona ni zile za kutia vumbi madoa. Vibarua vya ujenzi navyo siku hizi wanapewa vijana. Sina cha kukutumia. Nimekaa hapa mezani nikitafuta hata kitu kimoja cha kukuahidi, na nimekikosa, na ahadi yangu ya mwisho uliiona.

Nilitaka kukuomba uniachie Amosi. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba wewe utakuwa darasani, nani atamwangalia, hapa kuna bibi yake. Nimeyarudia moyoni wiki nzima. Kila nikifika mwisho najiuliza nitamlisha nini, na jibu ni lile lile nililomlisha. Basi nenda naye. Anaondoka mikononi mwangu kwa sababu mikono yangu haikumfaa, na nakubali, lakini nikisema haliniumi nitakuwa nadanganya. Leo jioni alinivuta kidole anipeleke kwenye lile tuta, kama tulivyozoea. Nikaenda naye. Akachuchumaa akatafuta, hakuona kitu, akanionyesha viganja vitupu.

Ninalokuomba ni hili tu, na kama hutashika lingine lolote, shika hili. Usimngojeshe mtoto. Panda, lakini siku ile ile unayopanda, nenda gengeni ukanunue fungu la mchicha, asiyekuona na akuone. Ukikosa hela, waambie walimu wenzako huna. Mwambie mwenye nyumba. Nenda kliniki ya huko wiki ya kwanza, na nesi akikuuliza mtoto anakula nini, mwambie kweli, hata kama kweli ni ugali na chumvi. Usimsitiri mtu yeyote tena kwa gharama ya mwanao, wala mimi, wala wewe mwenyewe. Ukiona kitanda kimekataa, kiache, usikiongezee juhudi kwa sababu ya kuona haya. Na ukiona mkono wako unapombeba unategemea uzito na haupati, usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri posho, usisubiri nikwambie rudi. Panda gari uje. Tutagonga milango ya watu sisi sote watatu, na mimi ndiye nitakayetangulia kugonga.

Mimi najua nilivyo. Tangu ukiwa mdogo nimekukazania heshima, na mpaka leo ukinipigia simu huwezi kusema shida yako kabla hujaniamkia, nikaitika, nikakuuliza habari za huko, ukasema nzuri hata kama si nzuri, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Mpaka tufike kwenye jambo lenyewe, salio limeisha au umeshaghairi. Nimefikiri sana juu ya ile "nzuri". Nadhani nilikula "nzuri" zako nyingi mwaka huu.

Kuanzia kesho nimekuondolea. Ukipiga simu, usiniamkie. Usiseme shikamoo. Nikipokea tu, niambie Amosi amekula nini leo, au niambie hajala. Marahaba nitaitika baadaye.

Baba yako